Madereva wa Kabati la Baba

6 Februari

Mdogo wangu, Bwana Meno,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba tunaamka, tunakula na tunalala, ingawa si lazima kwa mpangilio huo. Kikohozi changu kimepungua. Mama mshonaji wa mlango wa pili anakuulizia, anasema ukija umtazame gego lake. Baba anakusalimu sana.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu nimeifungia kwenye kabati la nguo. Kila ikilia Baba anavaa viatu, anachukua kofia, anasema depo wanamwita, dereva wa zamu ya asubuhi hajatokea. Mara ya mwisho nilimkuta kituo cha mafuta akiwauliza vijana basi lake wameliegesha wapi. Walimpa kiti wakamwita "mzee dereva" mpaka nikafika. Nawashukuru, ila miguu yangu haina tena mbio zile.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unalikumbuka kabati la vigari? Swali la kijinga, wewe ulichapwa kwa ajili yake kuliko mimi. Vile vigari vya chuma alivyokuwa akinunua kimoja kila akipangiwa njia mpya, na sisi tukikatazwa hata kuvipumulia. Basi siku hizi Baba hana amani navyo. Anasimama mbele ya kioo anasema, "Magari yote haya barabarani, hata moja halina dereva. Nani kayaacha hivi? Watu watakufa." Nikimwambia yameegeshwa, hakubali. Anasema gari lililoegeshwa halipangwi katikati ya njia limetazama mbele. Nikafunika kabati kwa shuka. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa hayana dereva na yako gizani.

Wewe kazi yako ni kuchonga meno ya bandia. Mtu wa kukaa ndani ya kigari si mkubwa kuliko gego. Nichongee madereva, ndugu yangu, huyu mzee apumzike na mimi nipumzike.

Halafu lile lingine. Ruhusa yangu shuleni inaisha muhula ukifunguliwa, mwezi wa tano. Mwalimu mkuu ameandika kwamba nisipokuwepo darasani siku hiyo, hesabu za kidato cha tatu atafundisha mwingine, na nyumba yangu ya pale shuleni atakaa huyo huyo. Nilikuja hapa kwa wiki chache, nawe unajua imekuwa muda gani. Utakuja lini kunipokea?

Dada yako


19 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika, na pole kwa kikohozi. Mimi sijambo. Hapa maabara paa linavuja juu ya meza yangu, kwa hiyo nachonga meno huku ndoo iko ubavuni. Daktari anasema atalitengeneza, na amekuwa akisema hivyo tangu niajiriwe. Mwambie mama mshonaji gego lake namtakia heri.

Nilipoanza kusoma habari za kabati nilicheka, halafu nikaacha.

Madereva hao. Wako ndani ya kiboksi cha meno, usistuke ukiona picha ya tabasamu juu yake. Nimewachonga kwa nta, nikawamimina kwa plastiki ile ya ufizi wa bandia, kwa hiyo ukimkwangua yeyote utaona ndani ni waridi mtupu. Nimewavika sare ya kampuni ya Baba, shati la bluu na kofia. Kuwakalisha ni hivi: pindua kigari, chini utaona skrubu mbele na nyuma, bisibisi ya miwani inatosha. Bodi itatoka, viti vitabaki. Mjaribishe dereva kwanza bila gundi uone kama bodi inarudi mahali pake. Kichwa kikigusa paa, mpunguze makalio kwa kiwembe. Miguu ikigoma kuingia chini ya usukani, kata magotini, hakuna atakayeiona. Usitumie supaglu hata kidogo, mvuke wake unapaka vioo ukungu mweupe kwa ndani na haufutiki. Tumia gundi nyeupe ya shuleni, na uache kigari wazi mpaka ikauke.

Baba wa zamani angetuambia kwamba kigari kikishafunguliwa wakusanyaji hawakitaki tena. Ila kama yeye mwenyewe ametaka watu ndani, sisi ni nani.

Kuhusu kuja, kazi imenibana. Tuone mwezi wa tatu.

Msalimie Baba. Nimefurahi kwamba ananisalimu.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini paa limezibwa. Hapa bomba la jikoni limekufa na fundi amekuja mara nyingi kulitazama, analipenda sana kulitazama. Kikohozi kimerudi. Baba anakusalimu.

Madereva wamefika na wamekaa, lakini nikusimulie walivyokaa.

Nilisubiri Baba alale mchana, nikatandika gazeti mezani, nikaanza. Skrubu zilitoka vizuri. Miguu ndiyo iligoma, kila dereva, kama walikubaliana. Nikakata magotini kama ulivyosema, vipande nikaviweka kwenye kisahani cha chai visipotee. Kumbe Baba kaamka, kaja kutafuta maji. Akakikuta kisahani. Jozi za miguu, na suruali zake, na viatu vyake vyeusi ulivyopaka vizuri hivyo.

Akasimama. Akauliza, "Ajali imetokea wapi?"

Nikasema hakuna ajali.

"Mama, usinifiche. Mimi ni dereva, nimeona mengi."

Akakaa, akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Mama. Ikabidi nimwambie wote wamepelekwa hospitali na wako hai. Akataka kujua hospitali gani. Nikataja hapo unapofanya kazi wewe. Akasema kesho twende tukawaone, tuwapelekee matunda. Siku kadhaa chakula hakikumshuka vizuri, mpaka nilipomwonyesha kabati na madereva wote wakiwa wamekaa kwenye viti vyao. Akawatazama mmoja mmoja. "Wamepona haraka," akasema. Miguu nimeitupa, na hilo naomba libaki kati yetu.

Kosa lako sasa. Wote umewachonga na kiwiko cha kulia kikitoka dirishani, kama Baba alivyokuwa akiendesha. Umesahau kwamba vigari vingi mle usukani uko kushoto. Dereva akikaa kwenye usukani wake, kiwiko kinamchoma mbavu mtu wa pembeni. Baba ananiuliza, "Huyu ana ugomvi na nani?" Nimehamisha niliowaweza. Waliobaki wanaendelea kugombana.

Na kuna jingine analolalamikia. Hawasalimiani. Unakumbuka madereva wa kampuni yao walivyokuwa wakipishana barabarani, vidole viwili vinanyanyuka kutoka kwenye usukani, mkono haubanduki? Anasema hawa wapya hawana adabu. Anawanyanyulia vidole, anasubiri, hawajibu, anaudhika.

Nimechoka, mdogo wangu. Siku hizi nasinzia nimesimama kwenye sinki. Mwezi wa tatu ndio huu. Nitajie siku.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimecheka kwa habari za kisahani mpaka daktari akaja kuniuliza kama nimevuta gesi ya kuchekesha, kisha nikajisikia vibaya. Pole sana. Kiwiko ni kosa langu. Nilikuwa namchonga Baba tu, sikufikiria gari.

Kwenye kiboksi hiki utakuta madereva wapya, nusu wa kulia na nusu wa kushoto, nimewawekea alama ya wino mgongoni. Wote wamenyanyua vidole viwili. Dada, hujui kazi ya vidole viwili katika mkono ulio mdogo kuliko punje ya mchele. Nimevunja wengi. Natumia keekee ile nyembamba kuliko zote, tunayosafishia mzizi wa jino, na ninabana pumzi. Miguu yao nimeikata mwenyewe huku huku, ili Baba asione kitu.

Halafu nimewaza lile basi kubwa la kijani la rafu ya juu. Lina dereva, ila viti vyote viko wazi. Baba atakapoliona atauliza kwa nini linatembea tupu. Kwa hiyo nimeanza abiria. Nimeshamaliza mama aliyempakata mtoto, mwanafunzi mwenye bango lililokunjwa, na mzee aliyelala mdomo wazi. Huyo mzee nimemtia meno, sikuweza kujizuia. Wengine wanakuja. Nadhani nikimaliza kulijaza basi nitakuwa nimepata nafasi, nitakuja niwakalishe mwenyewe.

Msalimie Baba, mwambie salamu zake napata.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Vidole viwili vimefanya kazi. Baba ananyanyua vyake, anaona wamenyanyua vyao, anaridhika, anapita. Nakushukuru kwa moyo wote, maana asubuhi zimekuwa nyepesi.

Lakini lile basi nimehesabu viti vyake. Kwa mwendo wako huu litajaa nikiwa nimestaafu. Nashukuru Mungu Baba hakuwahi kununua treni.

Sikiliza. Muhula unafunguliwa tarehe kumi na moja. Nilikuomba madereva kwa ajili ya Baba, ukanipa. Kwa ajili yangu niliomba wewe, na kila mara unaniletea kiboksi. Unatuma watu wa plastiki. Mimi niliomba mtu.

Kama hutaki kuja, andika hutaki. Nitajua kazi yangu imekwisha, nitaandika barua kwa mwalimu mkuu, nitanyamaza. Ila usinichongee tena.

Dada yako


22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Una haki ya kukasirika.

Kazi haijanibana. Daktari alishanipa ruhusa tangu mwezi wa pili, na kila Ijumaa ananiuliza mbona bado nipo. Begi langu liko chini ya meza, nalipiga teke kila nikikaa.

Naogopa, Dada. Hujui kwamba kabla hujaificha simu nilipiga siku moja, Baba akapokea mwenyewe. Nikamwambia ni mimi, mwanao. Akasema mwanawe bado yuko shule, atarudi jioni, niache ujumbe. Alisema kwa upole kabisa, kisha akakata. Nilibaki na simu sikioni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisubiri barua zako kwa sababu ndani yake ananisalimu. Nikiona "Baba anakusalimu" najua siku nyingine ananikumbuka. Sasa nikija, nikasimama mlangoni, akanitazama kama fundi wa bomba? Nitakuwa nimepoteza na hizo salamu.

Mtu mzima mwenye ndevu, nachonga vidole vya vikaragosi ili nisimwone baba yangu. Nimeandika, umesoma. Sasa niambie la kufanya.

Mdogo wako


27 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zote za barua zile niliandika mimi. Baba hakukusalimu hata mara moja. Sikutaka uumie, na pengine nilitaka uje ukidhani unasubiriwa. Nisamehe.

Na mimi hanijui. Wewe aliyekusahau ni sauti kwenye simu. Mimi ananisahau nikiwa nimemshika mkono, nimeshika na taulo. Ananiita Mama, kama mtu anavyomwita mwanamke asiyemfahamu ofisini. Anadhani nimeletwa na kampuni kuangalia madereva waliostaafu. Nikimvua viatu anasema, "Samahani kwa usumbufu, Mama." Nikimpa uji anasema, "Ahsante sana, ubarikiwe." Tangu lini Baba yetu akasema samahani? Yule yule aliyekuwa akiita chumvi kwa kupiga meza. Siku moja niliudhika, nikamwambia, mimi ni mwanao, binti yako wa kwanza. Akanitazama kwa huruma, akasema binti yake ni mdogo, yuko darasa la nne, ana akili sana ya hesabu.

Niliingia bafuni, nikafungua maji, nikalia, nikatoka, nikaendelea na vyombo. Hakuna kingine cha kufanya.

Kwa hiyo hilo unaloliogopa mimi ndilo ninaloamkia. Haliui. Linachosha tu, linachosha mpaka kwenye mifupa. Siwezi kukuambia njoo atakutambua. Nakuambia njoo, hatakutambua, na atahitaji kuogeshwa.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Nakuja na basi la Ijumaa. Begi limeshatoka chini ya meza. Fungasha vitabu vyako.

Mdogo wako


28 Mei

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kidato cha tatu. Natumaini nyumba uliikuta salama na kwamba unalala. Hapa bomba limepona, nimelitengeneza mwenyewe kwa plastiki ya ufizi, kwa hiyo jikoni kwetu sasa kuna bomba la waridi. Mama mshonaji nimemtazama gego. Linatakiwa kung'olewa, amesema basi, libaki.

Baba ni mzima. Yale mapokezi uliyaona mwenyewe, alivyonitazama toka juu mpaka chini akasema nimechelewa zamu. Bado ananiita Kijana. Wiki ya kwanza ilinichoma kila aliponiita hivyo. Sasa naitika.

Sikujua, Dada. Uliandika kuoga, uliandika uji, nikasoma kama mtu anavyosoma habari za mvua za mji mwingine. Sikujua kwamba atasimama katikati ya kuoga akakataa kutoka wala kuendelea, na maji yanapoa. Sikujua kwamba shati moja linaweza kula asubuhi nzima. Jana nilisinzia nimesimama kwenye sinki. Uliwezaje peke yako?

Abiria nimewakalisha, nyuma wamejaa, mbele bado. Nafungua chasisi mezani na Baba anakaa kunishikia skrubu kiganjani. Hajapoteza hata moja. Ananielekeza nani akae wapi. Mama mwenye mtoto asikae juu ya tairi, anasema, atarushwa. Yule mzee wa meno amemweka kiti cha nyuma ya dereva ili aamshwe akifika kituo chake. Hiyo ndiyo saa nzuri ya siku yetu.

Jumatatu jioni tulikuwa tunakula. Akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Kijana, yule mama kaenda wapi?"

Nikamwambia amerudi kazini kwake, ni mwalimu.

"Mwalimu wa nini?"

"Hesabu."

"Ahaa. Atarudi?"

Nikasema atakuja likizo. Akala kidogo. Nikadhani amesahau. Kisha akasema, "Alikuwa amechoka sana yule. Nilimwona. Kila siku namwona amechoka, ila sikujua nimwambie nani."

Nimekuandikia maneno yake yalivyotoka, sikuongeza wala kupunguza. Najua zile salamu za kwanza zilikuwa zako. Hizi ni zake.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Barua nimeipata wakati wa mapumziko, nikaifungulia katika chumba cha walimu mbele ya watu, kosa langu. Mwenzangu wa kemia ameniletea maji bila kuuliza kitu. Kipindi cha nne nimeingia na macho mekundu, wanafunzi wakadhani wamefeli wote, wakakaa kimya mpaka kengele.

Nalala. Ijumaa nililala tangu nilipotoka darasani mpaka asubuhi, sikuota kitu.

Nitakuja likizo, nawe utapumzika. Mpaka hapo, usimwambie mimi ni nani, usimsumbue na hilo. Ila akiuliza tena amwambie nani, mwambie ujumbe umefika.

Dada yako